Kiatu cha Kushoto

Chini ya kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto palikuwa na kidonda, na waliokijua walikuwa wawili tu, mimi na Mungu. Mke wangu Editha alinifulia nguo zote isipokuwa soksi. Soksi nilizifua mwenyewe, nikazianika nyuma ya bafu, mahali wanapopita kuku tu. Kidonda hakikuuma, na hapo ndipo kisukari kinapomdanganya mtu. Mguu unaoza nawe unaukanyagia kama vile ni wa jirani.

Nilijua natakiwa kwenda wapi. Kliniki ya kisukari ilikuwa Mikumi, kila Jumanne, na kadi yangu ilikuwa ndani ya bahasha juu ya kabati. Lakini nilimkumbuka Elia wa Tindiga, mkulima wa mpunga, mtu mwenye kifua kipana kama mlango wa ghala. Alikwenda hospitali kuonyesha kidole, akarudi hana mguu kuanzia gotini, na baada ya miezi mitano tukamzika. Watu walisema kukatwa ndiko kulikommaliza. Mimi nilijua kwamba Elia alichelewa kwenda, kwa sababu nilikuwa nimesoma habari za ugonjwa huu kuliko mtu yeyote mtaani kwetu. Lakini kujua hakunyanyui mguu.

Kwa hiyo nilikaa. Sindano nilikuwa nimeziacha tangu mwezi wa pili. Sikuamua kufa, nataka hilo lieleweke, kwa sababu Anitha, binti yangu, alilia akidhani niliamua. Niliacha tu. Kila asubuhi nilikitazama kile chungu chenye mchanga uliolowa maji ambamo tulihifadhi dawa isipate joto, nikaona kwamba kuinuka kwenda kukifunua ni kazi kubwa kuliko kupakia marobota ya katani kwenye behewa. Na kupakia marobota nimefanya, nalijua ninalolisema.

Nieleze kwanza nilivyokuwa, maana aliyenikuta siku zile angedhani nilizaliwa nimeketi.

Nilishuka kutoka milimani nikiwa na miaka ishirini, sijui hata kuandika jina langu. Wazazi wangu walikuwa watu wa kanisa na shule ya misheni ilikuwa karibu, lakini nilikuwa mtoto wa kwanza na mbuzi walihitaji mchungaji. Nikapata kazi ya kukata mkonge katika shamba moja karibu na Kilosa. Jioni wenzangu walikwenda kunywa, mimi nilikwenda darasa la watu wazima na mikono iliyochomwa miiba hata kalamu ikawa inateleza. Mwaka wa nne nilisoma gazeti kutoka ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo. Mwaka wa saba nilikabidhiwa ufunguo wa stoo. Niliushika ufunguo ule miaka ishirini na sita na halikupotea hata panga moja. Watu wakaniita Mzee Stoo, na hata nilipostaafu na stoo yenyewe ikaota nyasi, jina lilibaki. Kanisani nilikuwa msomaji wa masomo. Hakuna aliyenisahihisha neno.

Nilipoambiwa nina kisukari, miaka tisa iliyopita, sikutetereka. Nilichora ratiba kwenye karatasi ya manila nikaibandika ukutani: saa ya sindano, saa ya kula, kiasi cha ugali, saa ya kutembea hadi stesheni na kurudi. Kilosa ina hospitali yake, lakini nilichagua kliniki ya Mikumi, anakoishi Anitha, ambaye anapika chakula cha madereva wa malori pale barabara kuu. Nilisema ni kwa ajili ya kumwona binti yangu. Ukweli ni kwamba Mikumi hawakunijua, na sikutaka mtu wa kanisani kwangu anikute kwenye benchi nimekumbatia kadi.

Basi ikaja harusi ya Ruhembe, mwezi wa tisa mwaka juzi. Alikuwa akiolewa mtoto wa ndugu yangu Paulo, nami niliketi meza ya wazee na koti langu la kijivu. Ulipofika wakati wa kulisha keki, mshereheshaji, kijana mwenye suti ya kung'aa, akasema kwenye kipaza sauti: "Wahudumu, pale meza ya wazee yupo mzee wa sukari. Keki ipite mbali. Ikimgusa, kesho tunaimba nyimbo nyingine." Ukumbi mzima ukacheka. Nami nilicheka, kwa meno tu. Nadhani Paulo ndiye aliyemwambia, kwa nia njema, ili nisiletewe kitamu. Nia njema imenigharimu sana katika maisha haya.

Kabla ya wiki kwisha jina lilikuwa limefika Kilosa. Muuza duka akaniuliza, mzee wa sukari, leo unachukua nini? Watoto wakalishika. Miaka arobaini ya kuitwa Mzee Stoo ikafutwa na kipaza sauti cha kukodi.

Nikaacha kwenda kwenye sherehe, kisha kwenye vikao, kisha nikaacha kutembea hadi stesheni. Kila mtu alikuwa na dawa yake ya kunipa. Mmoja alileta majani ya mlonge, mwingine magome ya mti asioujua jina. Mama mmoja wa kanisani alinishika mkono akasema hili ni jaribu, nizidishe imani. Mwingine alisema mbele ya mke wangu kwamba kisukari ni ugonjwa wa wenye nazo, kwa hiyo Yeremia ashukuru kuhesabiwa miongoni mwao. Nilichoka kuwajibu. Nilichoka hata kuchoka.

Na wakati wa mvua za vuli, macho yakaanza kufifia. Herufi zilivaa ukungu, kwanza zile ndogo za gazeti, kisha zile kubwa za Biblia. Nilibadilisha miwani mara mbili, haikusaidia. Hili sikumwambia mtu. Mtu aliyesoma utotoni akipoteza macho, watu humpa pole. Mimi niliyesoma ukubwani, kwa taa ya chemli na vidole vya damu, niliona nikipoteza macho nitarudi kuwa yule mchunga mbuzi, kana kwamba miaka yote ile niliazimwa tu. Kanisani nikaomba kupumzika, nikasingizia kifua. Nyumbani jioni niliendelea kumsomea Editha kama desturi yetu, kwa sababu yeye hakwenda darasani. Nilifungua Biblia, nikavaa miwani, nikatamka zaburi ninayoijua kwa moyo, nikigeuza kurasa. Alisikiliza akichambua mchele.

Mwezi wa kwanza nilikwenda kliniki Mikumi kwa mara ya mwisho. Nesi pale anaitwa Debora, mwanamke mpole mwenye sauti ya mwalimu. Alipomaliza kunipima akatoa karatasi, akasema, "Mzee wangu, leo tuna maswali ya moyo. Tunawauliza wote wenye kisukari, siyo wewe peke yako." Akaanza kusoma: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi nimekosa hamu ya mambo niliyozoea kuyafurahia? Akanionyesha kwa kidole safu za majibu. Ya kwanza ni hapana kabisa, ya mwisho ni karibu kila siku.

Nilihisi ananivua nguo. Nikanyoosha mkono.

"Lete, mwanangu. Nimesoma mimi."

Akanipa na kalamu. Karatasi nzima ilikuwa moshi mtupu. Niliikumbuka ile safu ya kwanza aliyoionyesha, nikashuka nayo kutoka juu hadi chini, nikitia alama ya vema, moja baada ya nyingine, zimenyooka kama mistari ya mkonge. Chini kabisa nikatia sahihi yangu, ambayo najua kuiandika hata nimefumba macho. Debora aliitazama karatasi kitambo, akanitazama, akasema asante. Nilirudi Kilosa nikijisikia mshindi. Wiki tatu baadaye niliacha sindano, na mwezi wa tatu nikakuta kidonda.

Sasa nimtaje Wenceslaus. Huyu ni Mnyamwezi, alikuja Kilosa na kazi ya reli, akastaafu akiwa msimamizi wa kundi la mafundi wa njia, na hakuondoka tena. Sisi Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za babu zao kupita kwetu na mizigo ya pembe. Kwa hiyo kwa miaka arobaini na miwili mtu huyu amekuwa na ruhusa ya kunitukana. Kwenye msiba wa mama yangu alivaa kanga ya marehemu akaigiza alivyokuwa akitugombeza, hadi tukacheka huku machozi yanatoka. Alimkamata jogoo wangu mchana kweupe na nilitakiwa kusema asante. Ndiyo mila. Mtani hasusiwi wala hapigwi.

Wenceslaus alikuwa mtu pekee niliyemsimulia habari ya karatasi ya Mikumi. Nilimsimulia kwa majivuno, kwamba nesi alidhani nahitaji kusomewa, nami nikaijaza yote kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Alinisikiliza, akasema, "Wasagara bwana, hata kuzimu mtaomba karatasi mjaze." Nikacheka. Ilikuwa mara yangu ya mwisho kucheka kwa muda mrefu.

Alikuja Jumanne moja baada ya Pasaka, saa moja asubuhi, mvua ya masika imepumzika kidogo. Nilikuwa nimeketi barazani na koti na viatu, kwa maana hata katika hali ile sikukubali kukaa barazani na ndala. Alikuwa na jembe begani na kamba ya katani mkononi. Hakunisalimia. Alipita mbele yangu kama kwamba kiti ni kitupu, akamwendea Editha aliyekuwa akifagia.

"Mjane, pole sana. Nimesikia Msagara amekufa."

Editha akaegemea ufagio. "Tumeshapoa, mtani."

"Maiti mmeiweka wapi?"

"Tumeiketisha pale."

Ndipo aliponigeukia. Alinizunguka, akatikisa kichwa, akashika kamba akanipima kutoka utosini hadi viatuni, akafunga fundo. Akaurudia upimaji kana kwamba haamini.

"Marehemu alikuwa mfupi kuliko majivuno yake," alisema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Haidhuru. Kaburi tutachimba la kawaida, majivuno tutayakunja."

Majirani walishaanza kusogea kwenye ua. Msiba wa watani hauitiwi watu, hujaa wenyewe. Nilimwambia aondoke, siku hiyo sikuwa na nafasi ya upuuzi. Akawaambia watu kwamba maiti ya Kisagara huchelewa kunyamaza, wasiogope. Kisha akanivua miwani usoni akaivaa yeye, akachukua fimbo yangu, akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa na kukunja nne kama ninavyokunja mimi. Ilikuwa kama kujitazama kwenye kioo kibaya.

"Mzee, unalala?" alijiuliza kwa sauti nyembamba ya kike. Kisha kwa sauti yangu mwenyewe: "Nalala vizuri sana, tazama mwandiko wangu."

Watu wakaanza kucheka.

"Mzee, unakula? Nakula sana, tazama sahihi yangu. Mzee, unatoka nje kuonana na watu? Natoka kila siku, mpaka barazani. Mzee, umekufa? Hapana kabisa. Lete karatasi nitie vema."

Walicheka hadi mmoja akashika ua asianguke. Na Editha alicheka, amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yakitikisika. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ile harusi. Sijui kwa nini kicheko chake ndicho kilichoniuma kuliko maneno yote ya Mnyamwezi. Niliinuka, nikampokonya fimbo yangu, nikampiga nayo begani.

Ukimpiga mtani umevunja kitu kisicho na fundi. Nilikuwa na miaka sabini na mbili, nimezika wazee wa pande zote mbili, na nilijua vizuri nilichokifanya. Nilisimama pale na fimbo yangu, nikamchukia yeye, nikamchukia Debora na karatasi yake, na mshereheshaji wa Ruhembe, na yule mzee mjinga aliyekuwa ndani ya koti langu.

Wenceslaus alijipapasa bega. Akaniokoa, maana angeweza kuondoka na asirudi tena.

"Mmeona? Maiti inapiga," aliwaambia. "Basi faini imepanda. Nilikuja kwa ajili ya kuku, sasa nataka viatu."

Akanisukuma taratibu nikakaa, akapiga magoti, akakamata kiatu cha kushoto. Nilivuta mguu. Akadhani ni mchezo, akashika kwa nguvu zaidi. Mikono ya mtu wa reli haiachi. Kiatu kikatoka, na harufu ikatoka nacho. Soksi ilikuwa imegandia kwenye nyama. Aliibandua polepole sana, ameinamisha kichwa, nami nikatazama paa la nyumba ya jirani.

Alikaa kimya.

Nimekwishasema kwamba mtu huyu alinitania kwenye jeneza la mama yangu. Hajawahi kukosa neno. Nilingoja aseme kitu kuhusu miguu ya Wasagara na panya, au harufu ya stoo, chochote. Hakusema. Alivua miwani yangu akanirudishia mkononi. Kisha akaniita kwa jina langu, ambalo hakuwahi kulitumia tangu tujuane.

"Yeremia," alisema. "Hili siwezi kulitania."

Hapo ndipo nilipoogopa. Kwa mwezi mzima nilikuwa nimekitazama kidonda kile kila siku, hofu haikuja. Ilikuja mtani aliponyamaza.

Majirani waliondoka mmoja mmoja bila kuaga. Editha alikuja akachuchumaa karibu na Wenceslaus, akautazama unyayo wangu. Nilidhani atalia. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba zaburi ni ile ile tangu mvua za vuli, na kwamba alidhani ni macho peke yake.

Zaburi niliiruka. Nikasema lile jingine.

"Wataukata."

"Nani kasema?" Wenceslaus aliuliza.

"Elia yuko wapi?"

"Elia alikwenda ugonjwa umeshafika gotini. Wewe uko kidoleni. Unangoja umfikie ndipo mwende pamoja?"

Nilisema nitafikiri. Nilisema mvua ni nyingi, barabara ya Mikumi ni tope, twende Jumanne ijayo. Nilisema mengi, na kila nilichosema kilikuwa na mpangilio mzuri, kama nilivyofundishwa. Wenceslaus hakubishana. Alisimama, akakibana kiatu changu kwapani, akaelekea barabarani.

"Kiatu kinakwenda Mikumi," alisema bila kugeuka. "Anayekitaka akifuate."

Ningemwacha aende. Lakini vilikuwa viatu vyangu vya kanisani, vya ngozi, jozi moja tu niliyokuwa nayo, na kuna hasira ambazo ni rahisi kuzifuata kuliko ushauri. Editha alikwishanifunga mguu kwa kitambaa safi na kunivisha ndala yake, na kadi alikuwa ameishika. Nikatoka, mguu mmoja kiatu, mguu mmoja ndala ya kike ya bluu, mbele ya mtaa mzima. Njiani ndipo nilipotambua kwamba ilikuwa Jumanne, na kwamba jana yake kuku mmoja wa Editha hakurudi bandani na yeye hakumtafuta. Nilimuuliza Editha, aliyefuatana nasi, kama ndiye aliyemlipa Mnyamwezi. Akasema, "Ningekuambia mimi ungenisikia?"

Safari ile ilikuwa ndefu. Gari lilizama kwenye tope mara mbili, abiria wakashuka kusukuma, mimi nikaachwa ndani kama mzigo. Wenceslaus alikaa kiti cha mbele yangu, kiatu mapajani, hasemi. Kila nilipotazama kisogo chake nilizidi kupata shida. Tulipopita kijiji cha Ulaya nikashindwa.

"Nitukane basi," nilimwambia.

"Sina nafasi," alisema.

Mikumi tulipokelewa na Anitha, amevaa aproni yake yenye unga. Aliniamkia, nikamwitikia marahaba, kisha akaona ndala na hakuuliza. Kliniki walinipima sukari, mashine ikashindwa kutoa namba, ikaonyesha tu kwamba imepita kipimo chake. Daktari alikisafisha kidonda, akakichokonoa kwa chuma hadi ndani, nami sikuhisi kitu, na kutohisi kwangu ndiko kulikomkunja uso. Alisema nitalazwa. Alisema kidole gumba hakiponi tena, na cha pili kina mashaka. Kuhusu mguu alisema watajitahidi, hakuahidi. Nilitaka aahidi. Nilikuwa tayari kugombana naye hadi aahidi, lakini alikwenda kumwona mgonjwa mwingine.

Nikabaki na Debora. Alifungua faili langu, akatoa karatasi ile ya mwezi wa kwanza, akaiweka mbele yangu kwa upole.

"Mzee wangu, maswali yalikuwa tisa. Alama zako ni kumi na tatu. Hizi za juu umezitia kwenye anwani yetu ya posta."

Anitha aligeuza uso dirishani.

"Ulijua," nilisema. Nilikuwa na hasira kweli. "Ulijua ukaniacha niondoke."

"Nilikupigia simu mara tatu, mzee. Hukupokea."

Sikupokea kwa sababu sikuweza kusoma ni nani anayepiga, na niliona afadhali iite hadi ichoke. Hilo pia sikuwa nimelisema. Nilimuuliza kwa nini hakunieleza pale pale. Akaniuliza kama ningekubali.

Akatoa karatasi nyingine, mpya, na kalamu, akavisukuma vyote kwangu. Nadhani hakukusudia kunijaribu. Alitaka tu nisijisikie mdogo. Nilishika kalamu. Nilikumbuka ile ya kwanza niliyopewa na mwalimu wangu chini ya bati la shamba la mkonge, nikiwa sijui hata upande wa kushikia. Niliiweka mezani.

"Soma wewe," nilimwambia. "Sioni."

Akasoma. Kukosa hamu: karibu kila siku. Usingizi: nalala asubuhi, sio wakati wa kulala. Kujiona umeshindwa, au umeiangusha familia: hapo nilimwomba Anitha atoke nje kwanza. Hakutoka. Swali la mwisho aliuliza kama nimewahi kuwaza kwamba ni afadhali ningekufa. Nikasema hapana, sikuwaza kufa, niliwaza tu nisiamke. Debora akaniuliza tofauti yake ni nini. Niliitafuta, mtu wa miaka sabini na mbili, msomaji wa masomo. Sikuipata.

Ndiyo siku niliyolisikia neno sonona. Nilibishana nalo. Nilimwambia mimi ni mchovu tu, sonona ni mambo ya watu wa mjini wasiolima. Alisema kisukari nacho nilidhani ni cha wenye nazo. Alisema ni magonjwa mawili na yote ninayo, na kwamba moja linalisha jingine, kwa hiyo nikitibu moja na kuliacha jingine nitakuwa nachota maji kwa pakacha. Nilikasirika kwamba mtoto mdogo kama yule ananipigia methali. Lakini nilimeza vidonge alivyonipa.

Vidole viwili vilikatwa. Mguu umebaki. Nimeandika haya kwa kumtamkia Anitha, yeye akiandika, kwa sababu macho bado yanashughulikiwa, na wataalamu hawaahidi chochote, hawa watu hawajui kuahidi. Vidonge vinanikausha mdomo. Kuna siku naamka, chungu kile cha dawa kinaonekana kiko mbali kama Tabora. Mtaani bado naitwa mzee wa sukari, na bado nakereka. Jioni Editha sasa anaitamka zaburi yeye, ile ile, maana ameisikia mpaka ameikariri, na anakosea mahali pale pale kila siku, nami namsahihisha.

Kiatu cha kushoto sijarudishiwa. Wenceslaus amekitundika kwa msumari juu ya mlango wake, kila apitaye barabara ya stesheni anakiona, na amewatangazia watu kwamba ni urithi wake mpaka kidonda kifunge. Juzi nilikwenda kukidai kwa mara ya nne. Hakuniambia hata karibu. Aliniketisha kwenye kigogo, akanifungua bandeji, akautazama unyayo kwa karibu kama fundi anayekagua reli.

"Bado," alisema. "Upana wa punje ya hindi."

"Ni punje ya mchele," nilimwambia.

"Wewe si huoni?"

Nikamwambia ni mwizi kama babu zake waliotuibia ndizi wakipita. Akasema babu zake waliiba ndizi kwa sababu Wasagara walikuwa wameketi barazani wanajaza karatasi. Nilirudi nyumbani na ndala, hasira zimenijaa, nachechemea njia nzima. Sikukaa barazani. Nilipitiliza hadi ndani kwenye chungu, nikakifunua.